Tupeane uzoefu: kadi feki za salamu na mialiko, unazitambuaje na ukishabofya unafanyaje?

Kipepeo_Mweusi
Wakuu, sikukuu hizo zinabisha hodi na linki za "kuna mtu amekutumia salamu, bofya uone" zimeanza kuzunguka kwenye magrupu. Wanaojua wamwage hapa. Naanza: kadi ya harusi ni picha au PDF, basi. Ikiishia na .apk hiyo ni programu ya simu za Android, hata kama ina maua na majina ya maharusi.

Mzee wa Modemu
Umenikumbusha Storm, kirusi cha kompyuta cha 2007. Januari ilikuja kama habari ya dhoruba iliyoua watu 230 Ulaya, ndiyo asili ya jina. Katikati ya mwaka ikageuka postikadi "kutoka kwa ndugu yako". Linki ilikuwa namba tupu za IP (anwani ya kompyuta kwenye mtandao), haina jina la tovuti. Ukifungua, unaambiwa kama kadi haionekani pakua ecard.exe. Kumbe huku unasoma, ukurasa unajaribu matundu ya kivinjari na ya programu za QuickTime na WinZip, kwa hiyo hata asiyepakua aliweza kunaswa kama hajasasisha. Kompyuta zilizonaswa ziliwasiliana zenyewe kwa zenyewe kupitia Overnet, mtandao wa kugawana mafaili, hivyo hapakuwa na seva moja ya kuzima. Na faili lilifungashwa upya mara kwa mara, antivirus inabaki kukimbiza vumbi. Microsoft waliliweka kwenye kisafishaji chao cha kila mwezi Septemba 2007, lakini mwaka mpya likarudi kama happy2008.exe, na Valentine likaja withlove.exe.

binti_mtwana
Naunga mkono. Na Happy99.exe ya Januari 1999: fataki kwenye skrini, chini kwa chini inachezea WSOCK32.DLL, faili la Windows la mawasiliano ya mtandao, ili kila barua pepe unayotuma ifuatwe na nakala yake.

Dogo Janja Tech
Historia za Windows za nini? Watu wanaliwa kwenye simu.

Mzee wa Modemu
Dogo, tofauti ni herufi tatu tu: exe imekuwa apk. Soma kwanza ndio ubishe.

Dogo Janja Tech
Sawa babu. Haya ya leo: apk inaomba ruhusa tatu. Kusakinisha kutoka nje ya Play Store, kusoma SMS (inataka namba za uthibitisho za benki), halafu Ufikivu (Accessibility). Hii ya tatu ndiyo sumu: inabonyeza vitufe badala yako, na ukienda kuifuta inakufungia mipangilio usoni. Ukishanaswa: kata data na Wi-Fi, chomoa laini, washa simu katika hali salama, yaani Safe Mode (simu nyingi: shikilia kitufe cha kuzima, kisha kandamiza neno Zima mpaka iulize). Iondolee usimamizi wa kifaa, ndipo uifute. Nywila badilisha kwa simu NYINGINE.

Shangazi Pwani
Mimi nasema futa simu yote, yaishe.

binti_mtwana
Yaishe wapi, shangazi? Ukirudisha nakala ya zamani yenye apk ileile kwenye Vipakuliwa, umerudi palepale. Na piga picha ya skrini kabla, benki watauliza.

Kipepeo_Mweusi
Na zile zisizo na apk?

binti_mtwana
Hizo zinataka nywila ya barua pepe "ili kadi ifunguke". Tafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya https://, kisha soma kurudi kushoto: google.com.kadiyako.xyz/salamu ni mali ya kadiyako.xyz, Google hapo ni pambo. Kama simu inakujazia nywila siku zote na leo imegoma, iamini simu. Nyingine inaomba namba yako ya WhatsApp halafu inakupa msimbo wa herufi na tarakimu 8 uingize kwenye WhatsApp yako. Hapo unaunganisha kifaa cha mwizi. Angalia "Vifaa vilivyounganishwa", toa usichokijua.

Shangazi Pwani
Si umpigie tu aliyekutumia?

Dogo Janja Tech
Kwa laini ya kawaida, shangazi. Ukipiga kwa WhatsApp iliyoibiwa, unamsalimia mwizi.

Mgeni_2
Wenye iPhone tuko salama 😎

Mzee wa Modemu
Apk haitafunguka, ukurasa wa nywila utafunguka vizuri tu.

Mgeni_2
😐

binti_mtwana
Ikija kwa SMS, namba ya mtumaji irushe 15040.

Kipepeo_Mweusi
Wa Kenya msijaribu, hiyo ni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania.