Ruta ya pili inatoa waifai lakini intaneti haipiti, na taa za kisanduku cha faiba zote ni nzuri

Mkazi_Tabata
Wakuu, naomba msaada. Nyumbani tuna faiba. Kisanduku cha kampuni kipo sebuleni, na kutoka tundu lake la LAN1 waya unaenda kwenye ruta ya kununua dukani iliyoko koridoni, ili vyumba vya nyuma vipate mtandao. Waifai ya kisanduku tuliizima, tunatumia ya ruta tu. Jana umeme ulikatika, uliporudi intaneti ikakawia, basi mtu akachomeka pini kwenye kitundu cha reset cha ruta. Tangu hapo jina la waifai limerudi lile la kwenye kibandiko cha chini. Simu zinaunganika vizuri, ila zinaandika hakuna intaneti.

Kwenye kisanduku POWER ni kijani, PON kijani imetulia, LOS imezimika, LAN1 inapepesa. Kwenye ruta taa ya intaneti ni ya rangi ya chungwa. Nimezima na kuwasha vyote viwili, hakuna badiliko. Malipo ya mwezi yako sawa. Nianzie wapi?

Fundi_Nyaya
Kwanza, reset isiguswe tena, hasa ya kisanduku. Ukikifuta kile unaweza kupoteza jina na nenosiri la PPPoE (njia ya kuingia kwenye mtandao wa kampuni) pamoja na namba ya VLAN (inayotenganisha huduma kwenye waya mmoja), na hapo utabaki kuisubiri kampuni ikupangie upya.

LOS kuzimika maana yake mwanga unafika. PON kutulia maana yake mtambo wa kampuni umekitambua kisanduku chako. Lakini taa hizo hazithibitishi kuwa intaneti inapita. Hata aliyefungiwa huduma anaweza kuziona hivyo hivyo. Kwa hiyo pima vipande viwili, kimoja kimoja.

Chomoa waya wa ruta kwenye LAN1, chomeka laptopu hapo moja kwa moja na uzime waifai ya laptopu. Jaribu kufungua tovuti yoyote, kisha kwenye dirisha la amri andika `ipconfig` na unakili anwani ya IPv4 (namba ya laptopu kwenye mtandao) na ya lango (kifaa inachopitia kutoka nje). Halafu rudisha waya wa ruta, chomeka laptopu kwenye LAN ya ruta, rudia `ipconfig`. Mwisho ingia kwenye ukurasa wa ruta usome anwani iliyoandikwa sehemu ya WAN (upande wa ruta unaopokea intaneti).

Laptopu ikionyesha 169.254 na kuendelea, haikupewa anwani na kifaa chochote. WAN ikiwa 0.0.0.0, ni ruta ndiyo haikupewa: angalia waya, angalia kama umechomeka tundu la WAN lenyewe, na hakikisha aina ya muunganisho ni DHCP (kifaa kupewa anwani chenyewe bila kuandikiwa). Wengi huweka PPPoE kwenye ruta ya pili wakati kazi hiyo tayari inafanywa na kisanduku.

Mkazi_Tabata
Nimepima. Moja kwa moja kwenye kisanduku: laptopu 192.168.1.4, lango 192.168.1.1, kila kitu kinafunguka. Kupitia ruta: laptopu 192.168.1.102, lango 192.168.1.1, hakuna kinachofunguka. WAN ya ruta inasoma 192.168.1.6, aina ni DHCP. Amri ya kupima kama kifaa kinajibu, `ping 192.168.1.1`, inajibu, `ping 8.8.8.8` haijibu.

Swichi_Nane
Tatizo liko hapo kwenye namba. Kisanduku ni 192.168.1.1, na ruta baada ya kufutwa imerudi kwenye anwani ya kiwandani ambayo nayo ni 192.168.1.1. Ruta imeambiwa kuwa lango la kutokea nje ni 192.168.1.1, na hiyo ni anwani yake yenyewe, hivyo data haivuki upande wa WAN. Ile `ping` yako ya kwanza imejibiwa na ruta, si kisanduku. Kuna ruta zinazogundua mgongano huu na kujihamisha zenyewe. Yako haikufanya hivyo.

Chomoa waya wa WAN. Laptopu ikiwa kwenye LAN ya ruta, fungua 192.168.1.1, nenda mipangilio ya LAN, badilisha anwani iwe 192.168.10.1, kinyago (subnet mask) kibaki 255.255.255.0. Hifadhi, ruta itajiwasha upya. Hakikisha DHCP inagawa kuanzia 192.168.10.100, kwa sababu baadhi ya ruta hubadilisha anwani na kuacha orodha ya zamani. Chomoa na kuchomeka waya wa laptopu ili ipate anwani mpya, kisha rudisha waya wa WAN.

Ikibaki hali ambayo `ping 8.8.8.8` inajibu lakini tovuti hazifunguki kwa majina, hiyo ni DNS (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba). Weka 1.1.1.1 na 8.8.8.8 kwenye DHCP ya ruta.

Na tafadhali usisahau usalama: reset imerudisha nenosiri la waifai la kwenye kibandiko na pia lile la kuingilia ukurasa wa ruta. Badilisha yote mawili, na kwa ulinzi wa waifai chagua WPA2 au WPA3.

Kebo_Kijani
Mimi ningeifanya ruta hiyo iwe kituo cha waifai tu, kisanduku kibaki mgawaji pekee wa anwani. Ukiwa na mitandao miwili iliyopangana, baadhi ya michezo na kamera hugoma, na kifaa cha sebuleni hakitaiona printa ya chumbani.

Kama menyu ina hali ya AP (kituo cha waifai tu), ichague, imetosha. Kama haina: ipe ruta 192.168.1.250 baada ya kuhakikisha kisanduku hakigawi namba hiyo, hifadhi, kisha zima DHCP ya ruta. Fuata mpangilio huo, maana ukizima DHCP kwanza laptopu inaweza kukosa anwani kabla hujamaliza. Mwisho hamisha waya unaotoka kwenye kisanduku kutoka tundu la WAN hadi tundu la LAN.

Kwa wengine watakaosoma hapa na LOS yao inapepesa nyekundu: haya yote hayawahusu, tatizo ni la mwanga. Angalia kama waya mwembamba wa faiba umebanwa na mlango au umekunjwa. Usiukunje duara lenye nusu kipenyo chini ya sentimita 3. Kichwa cha kijani kiingie kwenye tundu la kijani, kwa kuwa ncha yake imekatwa mshazari na haikutani vizuri na ya bluu. Usichungulie ncha, leza yake haionekani kwa macho. Ukisoma nguvu ya mwanga kwenye ukurasa wa kisanduku na ikawa dhaifu kuliko -27 dBm (yaani -28, -29 na kuendelea), ita fundi wa kampuni.

Mkazi_Tabata
Nimebadilisha kuwa 192.168.10.1, intaneti imerudi palepale na taa ni kijani. Nenosiri nimebadilisha yote mawili. Asanteni sana. Kimebaki kimoja: printa ya waifai nimeirudisha kwenye mtandao lakini kompyuta haiioni. Kioo chake kinaonyesha 192.168.0.20.

Swichi_Nane
Hiyo printa iliwekewa anwani kwa mkono, na inaonyesha ruta yako kabla ya reset ilikuwa 192.168.0.1. Rudi mipangilio ya LAN uandike 192.168.0.1 badala ya 192.168.10.1, na DHCP igawe kuanzia 192.168.0.100 hadi 192.168.0.199. Hutagusa printa kabisa. Ukifuata njia ya Kebo_Kijani, basi kwenye menyu ya printa badilisha anwani kutoka ya mkono iwe ya kupewa, halafu uisajili upya kwenye kompyuta.