Swichi ya ngazi imebadilishwa, sasa ya chini haikubali mpaka ya juu ilale upande mmoja

Bi_Ghorofani
Wakuu habari zenu, naomba msaada kwa wanaojua umeme. Nyumba yetu ina ghorofa moja, taa ya ngazi ina swichi mbili, moja chini sebuleni nyingine juu kwenye korido, miaka yote ukipanda unawasha huku ukifika kule unazima hakuna shida. Juzi ile ya juu ikaanza kutoa cheche kwa ndani ukiibonyeza, nikaita fundi akaweka mpya, alivyoondoka tu vituko vikaanza. Ya juu ikilala upande mmoja, ya chini inawasha na kuzima vizuri kabisa. Ya juu ikilala upande wa pili, taa inazima na ya chini uibonyeze mpaka kesho haiwaki. Nikimpigia fundi anasema na ya chini imekufa, ninunue zote mbili tena na waya juu. Kweli ni hivyo? Kuna mtoto anashuka usiku kunywa maji, ngazi giza totoro.

fundi_bisibisi
Dada tulia, usinunue kitu. Ya chini ingekuwa imekufa isingewasha hata huo upande mmoja. Hiyo ndo dalili ya waya wa COM kuwekwa sipo.

Iko hivi. Swichi ya tuwei, yaani ya taa moja inayowashwa sehemu mbili, ina matundu matatu ya waya nyuma, COM (tundu la pamoja), L1 na L2. Moto unaingia kwenye COM ya swichi moja, COM ya swichi nyingine ndo inaenda kwenye taa, halafu katikati kuna nyaya mbili zinazotoka L1 na L2 za chini kwenda L1 na L2 za juu. Hizo mbili ukizigeuza baina yao haina neno, taa itawaka tu. Ila wa COM ukiuweka L1 au L2, upande mmoja swichi inaunganisha zile nyaya mbili zenyewe kwa zenyewe, taa haipati kitu, ndo hapo unabonyeza chini mpaka unachoka.

Mafundi wengi wanahamisha waya kwa kuangalia tundu lilipokaa, wa juu kwa juu wa chini kwa chini, hawasomi maandishi. Kampuni hii COM inaiweka juu peke yake, ile inaiweka kwingine, basi imeisha hiyo.

Mzee_wa_Testa
Naongezea kwa mkuu hapo juu, kabla ya kumlaumu kwa COM mwambie ahesabu matundu. Kama nyuma yapo mawili tu basi ameuziwa wanwei, ile ya kuwashia sehemu moja tu, waya wa tatu atakuwa ameuacha unaning'inia au ameukunja ndani ya boksi, na dalili inakuwa hiyohiyo, upande mmoja inakubali upande wa pili imekufa. Kwa mbele zinafanana kama mapacha, dukani usiombe "swichi ya taa", sema tuwei na uigeuze uone mwenyewe. Yakiwa matatu, mwache abadilishane waya ulio COM na ulio L1, ikigoma bado abadilishane ulio COM na ulio L2. Hapo lazima ikubali, hakuna haja ya waya mpya wala nini.

pwani_stima
Salaam kutoka Mombasa. Yote waliyosema ni sawa lakini msimpeleke dada wa watu kwenye ukuta bila tahadhari. Taa ya ngazi ndiyo taa ya kuogopa kwenye nyumba ya ghorofa, kwa sababu swichi moja iko kwenye sakiti ya chini na nyingine iko kwenye boksi moja na swichi za juu. Wapo mafundi waliochukua moto chini na nyutro (waya wa kurudisha umeme) juu ili kuokoa waya, sasa ukizima breka ya taa za juu peke yake unajiona uko salama, kumbe mle ndani umeme upo, na ni volti 230 hizo hazina mchezo. Zima meni yote, ile swichi kuu ya nyumba, upime boksi zote mbili, ndipo ufungue.

Na si kila nyumba imefungwa kama alivyosema fundi_bisibisi. Utaratibu mwingine wa Kiingereza COM inaungana na COM, L1 na L1, L2 na L2, halafu moto na waya wa taa vyote vinaingia boksi moja, kwa hiyo utakuta tundu lina nyaya mbili. Ukiona hivyo usianze kubahatisha. Rangi nazo zisikudanganye, Uingereza wenyewe walibadilisha rangi kati ya 2004 na 2006, nyeusi iliyokuwa nyutro sasa inaweza kuwa waya wa moto, na kwenye paipu zetu fundi anavuta rangi iliyobaki kwenye rola. Dawa ni tepu. Kabla hujalegeza skrubu, waya ulio COM uzungushie tepu, piga na picha, basi.

Bi_Ghorofani
Asanteni sana wakuu. Nimeita fundi mwingine mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya nishati na maji Tanzania), meni ikazimwa, matundu yalikuwa matatu, waya mmoja mmoja kila tundu. Akabadilisha wa COM na L1 ikakubali hapohapo, hata chai haijapoa. Yule wa kwanza nimemtumia picha hajajibu 😂 Swali la mwisho, taa ni ya LED, ukizima usiku inabaki na mwanga hafifu, ni kawaida? Na je naweza kuongeza swichi ya tatu pale katikati ngazi inapokata kona?

fundi_bisibisi
Kwa tuwei ni kawaida, zile nyaya zinakimbia pamoja kwenye paipu moja muda wote na mmoja una moto, unaambukiza kidogo mwenzake na LED haihitaji kingi. Jaribu globu ya kampuni nyingine. Ila fundi ahakikishe swichi inakata moto na sio nyutro, kwa sababu ikikata nyutro globu nayo inabaki na mwanga hivyohivyo, na holda ina umeme hata taa ikiwa imezimwa, siku unabadilisha globu inakurusha.

Ya tatu inawezekana, lakini sio tuwei tena, hapo katikati inakaa inaitwa intamidieti, ina matundu manne. Zile nyaya mbili za kati zinakatwa, mbili zinaingia mbili zinatoka. Kwa hiyo angalieni kwanza paipu inapita wapi, kama haipiti kwenye hiyo kona mtachimba ukuta.

Mzee_wa_Testa
Na intamidieti maduka mengi hawana, agiza mapema kabla hujamwita wa kuchimba.