Tupeane uzoefu: mtoto anaharisha na kutapika, maji mnampaje yakakaa tumboni?

Wadau, tuzungumzie walio chini ya miaka mitano, kuharisha kwa kawaida kusiko na damu. Tajeni vipimo. "Mpe kidogo kidogo" haimsaidii mtu saa nane za usiku.

mfamasia_kona
Soma pakiti ya ORS (unga wa chumvi na glukosi wa kukorogwa na maji kwa anayeharisha) kwanza: kuna za lita moja na za nusu lita. Kosa ninaloliona sana ni kumimina pakiti ya lita moja kwenye kikombe ili "iwe na nguvu". Hapo sodiamu inapanda kwenye damu, kiu inazidi, na degedege linaweza kufuata. Usigawe unga nusu kwa nusu pia, chumvi na glukosi hazijichanganyi sawasawa ndani ya pakiti. Maji yachemshwe na kupozwa kabla ya kukoroga, si baada. Pima kwa chupa ya maji ya dukani. Yakipita saa 24, mwaga.

nesi_RCH
Chini ya miaka miwili, mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha. Miaka miwili na kuendelea, 100 hadi 200. Akitapika, subiri dakika kumi, kisha kijiko cha chai kimoja kila dakika mbili. Kinaonekana kichekesho, lakini kijiko ni mililita 5, kwa hiyo saa moja ni mililita 150. Akigugumia kikombe kwa kiu, tumbo linatanuka ghafla na yote yanarudi. Ndiyo maana chupa ya chuchu haifai hapa. Anayenyonya aendelee kunyonya, tena mara nyingi zaidi.

mama_wawili
Soda iliyotolewa gesi je? Na madafu?

mfamasia_kona
Soda hapana dada, hata juisi ya pakiti. Sukari yake nyingi inavuta maji kuingia kwenye utumbo, kuharisha kunaongezeka. Sukari ya ORS imepimwa: glukosi ndiyo inayoipitisha sodiamu kwenye ukuta wa utumbo, maji yanafuata. Dafu lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, halishiki nafasi ya ORS.
Pakiti ikikosekana: lita moja ya maji safi, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko, vyote visawazishwe kwa mgongo wa kisu. Onja, yakizidi chumvi ya machozi, mwaga uanze upya. Potasiamu haimo, mpe ndizi mbivu iliyopondwa kama ameshaanza kula.

nesi_RCH
Zinki msiiache: miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, hata akipona siku ya tatu. Chini ya miezi sita ni nusu kidonge, kiyeyushwe kwenye kijiko cha maziwa ya mama. Dawa za kufunga kuharisha za watu wazima asipewe.

mama_wawili
Kituoni lini?

nesi_RCH
Damu kwenye choo, saa sita bila mkojo, macho yamedidimia, analegea au hawezi kunywa, anatapika kila anachopewa. Finya ngozi ya tumbo uachie: ikichukua zaidi ya sekunde mbili kurudi, nenda sasa hivi, na kijiko kiendelee njiani kama anameza.