Mjadala: Ni nani anayehifadhi mbegu za kale za bangi ya hashishi, mkuzaji wa nyumbani au mkulima wa mlimani?

Ndugu wachangiaji, hoja iliyo mbele yetu inadai kwamba watu wanaopanda bangi nyumbani kwao barani Ulaya ndio wanaoziokoa mbegu za kale za bangi ya hashishi, yaani ile inayolimwa kwa ajili ya utomvu wake, kwa kuwa wao wanazizalisha ilhali nchi zilikotoka zinazing'oa, na kwamba kwa sababu hiyo sheria iwape uhuru zaidi. Sipingi sheria inayomruhusu mtu mzima kupanda mmea huu kwake pale ambapo nchi yake imeamua hivyo. Ninachopinga, na ninakipinga kwa dhati, ni dai la uhifadhi.

Tuutazame mmea wenyewe. Bangi ina mimea dume na mimea jike, na chavua yake hupeperushwa na upepo hadi umbali wa kilomita kadhaa. Mbegu ya asili ya milima ya Rif, kaskazini mwa Moroko, ambayo wenyeji huiita beldia, si mmea wa aina moja uliorudufiwa, bali ni maelfu ya mimea inayochavushana shambani, kila mmoja ukitofautiana kidogo na jirani yake: huu huwahi kukomaa, ule hustahimili ukame, mwingine hutoa utomvu mwingi. Tofauti hizo ndizo urithi wenyewe.

Sasa nchini Ujerumani, tangu tarehe 1 Aprili 2024, mtu mzima anaruhusiwa kuwa na mimea mitatu nyumbani. Kwa kawaida mkuzaji huung'oa mmea dume mapema, kwa sababu anataka maua yasiyo na mbegu. Hata akiamua kuuacha, atapata mbegu za baba mmoja na mama wawili, na baada ya vizazi vichache vya ndugu kuzaana na ndugu, mimea itadhoofika na sifa zilizokuwa adimu zitakuwa zimetoweka. Mimea mitatu haiwezi kubeba jamii nzima ya mimea, hata mkuzaji awe hodari kiasi gani.

Wakuzaji wengi wa nyumbani, kwa kweli, hawakusudii kuhifadhi, wanakusudia kuchanganya. Huchukua bangi ya milima ya Hindu Kush, ile fupi yenye majani mapana na utomvu mwingi, ambayo wasafiri waliitoa Afghanistan katika miaka ya 1970, kisha huichavusha na bangi ya mahali pengine. Kizazi cha kwanza hufanana na huwa na nguvu. Katika kizazi cha pili sifa hutawanyika, na hapo ndipo kazi ya kuchagua huanza. Ni ustadi unaostahili heshima. Hata hivyo, anayechanganya anaunda kitu kipya, na kitu kipya hakirudishi cha zamani.

Madhara yake yameonekana Rif kwenyewe. Kuanzia miaka ya 2000, mbegu chotara zilizotengenezwa Ulaya zilipelekwa katika mashamba ya eneo la Ketama na kwingineko, na wakulima wakazipokea kwa sababu zilitoa hashishi nyingi zaidi kwa kila eka. Beldia hupandwa kati ya Februari na Machi, hutegemea mvua, na huvunwa kiangazi. Chotara huhitaji kumwagiliwa katika miezi ambayo visima vinakauka. Mkulima wa beldia hupata mbegu za msimu ujao katika mavuno yake, lakini anayepanda chotara hulazimika kurudi dukani kila mwaka, kama anavyojua kila mkulima wa mahindi wa kwetu. Isitoshe, dume la chotara likiachwa katika bonde moja huchavusha beldia ya bonde la pili, bila mwenye shamba kuulizwa.

Sheria namba 13-21 ya Moroko, iliyopitishwa mwaka 2021, iliruhusu kilimo cha matumizi ya tiba na viwanda katika mikoa ya Al Hoceima, Chefchaouen na Taounate. Mavuno ya kwanza ya kisheria, ya mwaka 2023, yalifikia tani 294, nayo yalitokana zaidi na mbegu zilizoagizwa kutoka nje. Beldia ilikuja kupewa nafasi mwaka 2024. Mwezi Agosti mwaka huohuo mfalme aliwasamehe watu zaidi ya 4,800 waliokuwa wamehukumiwa au kutafutwa kwa kosa la kulima bangi. Kwa maoni yangu huo msamaha ni hatua ya uhifadhi yenye uzito kuliko mkusanyiko wowote wa mbegu ulioko ughaibuni, kwa kuwa mkulima anayejificha hawezi kutenga shamba la mbegu.

Najua nitaambiwa kuhusu Afghanistan, na jibu hilo lina nguvu: kilimo kilipigwa marufuku mwaka 1973, vita vikafuata, na mwaka 2023 Taliban wakakipiga marufuku tena. Bila wale wasafiri huenda baadhi ya mbegu zisingekuwepo. Nakubali. Lakini mbegu hizo zimechaguliwa kwa miongo mingi chini ya taa za ndani, mbali na baridi na ukame wa Mazar-i-Sharif, kaskazini mwa Afghanistan, na faida yake haijamfikia mkulima aliyezitunza.

Napendekeza basi mambo mawili yajadiliwe. Moroko itenge mabonde ambamo chotara haipandwi kabisa, na ihifadhi mbegu za kila bonde katika benki ya taifa kwa makubaliano na wakulima wenyewe. Ujerumani nayo, ambayo sheria yake inaruhusu vyama vya wakuzaji vyenye wanachama hadi 500, ivipe baadhi ya vyama hivyo kibali cha kukuza mimea mingi kwa ajili ya mbegu tu, kwa sharti kwamba sehemu ya mbegu irudishwe ilikotoka. Anayeshikilia kwamba nyumba yenye mimea mitatu inatosha, naomba atuonyeshe ni kwa vizazi vingapi.