Naomba ushauri: mkoba wa wakamata mizimu unazima jukwaani

Wakuu, igizo ni la vichekesho: wapelelezi wanne wa mizimu wanalinda jiji, kila mmoja na mkoba wa mgongoni unaowaka. Ndani kuna mkanda wa mita 2 wenye taa ndogo 60 za LED, aina ya WS2812B (kila taa ina nyekundu, kijani na bluu ndani yake), volti 5. LED moja ikiwaka nyeupe kamili inakula miliampia 60, jumla ampia 3.6, hivyo pawabanki ya ampia 2 inajizima mzimu ukitokea tu (watu wanacheka, ila si pahala pake). Nimeshusha mwanga hadi asilimia 40, haizimi tena. Lakini ncha ya mwisho inakuwa nyekundunyekundu, volti zikishuka bluu na kijani hufifia kwanza. Niingize umeme ncha zote mbili, au waya mnene unatosha?