Tupeane uzoefu: Mnaoishi na maumivu ya mgongo na neva yasiyokwisha, mnafanyaje hapa Dar?

Mtu wa Mbagala (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa wale ambao maumivu ya kiuno, mgongo, shingo au miguu kuwaka moto yameshahamia mwilini na hayana dalili ya kuhama. Kama umelala vibaya jana, pole, kesho utaamka mzima, huu si uzi wako.

Yangu ni diski (ule mto laini kati ya pingili na pingili) ya chini kabisa, ile inayoandikwa L5-S1 kwenye majibu ya kipimo cha MRI. Imetokeza na kubana neva inayoshuka mguu wa kushoto. Siku zikiwa mbaya, nikikohoa tu napigwa shoti ya umeme kuanzia takoni mpaka kisigino. Kabla hatujafika kwenye diski nilishatibiwa UTI, nikatibiwa figo, na mjomba wangu mpaka leo anashikilia kwamba ni ngiri. Mji huu ukishika kiuno tu, mtu ameshakupa figo.

Tuambiane kilichokusaidia kweli na kilichokula hela yako bure. Na useme ugonjwa wako ni upi hasa, maana dawa ya mwenzako inaweza isiwe yako kabisa. Wauza dawa za kuongeza uteute kwenye maungio, tafadhali piteni kando.

Dereva wa Tegeta

Mkuu nakupata vizuri sana. Naendesha Fuso, nabeba saruji. Ilianza takoni, ikashuka pajani, ikafika unyayoni, kidole gumba cha mguu kikafa ganzi. Nikapiga eksirei, nikaambiwa mifupa iko safi, nenda nyumbani. Tajiri akaona nategea.

Daktari mwingine ndiye aliyenifungua macho: eksirei inaonyesha mfupa, diski na neva haizioni. Akanilaza chali, akaninyanyua mguu ukiwa umenyooka. Haujafika hata nusu, nikapiga kelele. Akasema basi, hii ni sayatika, neva ya mguu imebanwa kiunoni. MRI ilikuja kuthibitisha tu, diski ya L4-L5, moja juu ya yako.

Sasa kilichonitoa. Mke wangu alikuwa ameshanitandikia chini, nalala mchana kutwa, na kila nikiinuka ni afadhali ya jana. Fizio, mtaalamu wa mazoezi tiba, akakataza. Akaniambia siku moja mbili za kulala zinatosha, baada ya hapo tembea, hata kama ni kuzunguka nyumba. Kisha akanifundisha zoezi hili: lala kifudifudi, tulia kidogo, jiinue kwa viwiko, kiuno kibaki kimelegea juu ya mkeka. Ukizoea, unanyoosha mikono. Kipimo chake ni kuangalia maumivu yanakwenda wapi. Yakipanda kutoka unyayoni kuja pajani, kutoka pajani kuja kiunoni, hata kama kiuno kinauma zaidi, uko kwenye njia. Yakishuka kuelekea mguuni, acha hapo hapo. Mimi yalipanda taratibu mno, nikakata tamaa katikati, nikarudi tena.

Kwenye gari: waleti nene nimeitoa mfuko wa nyuma. Kanga ya mke wangu naikunja naiweka nyuma ya kiuno. Kushuka sirushi mguu mmoja, nageuka mwili mzima, miguu yote miwili nje, ndipo nasimama. Na nikipakiwa mzigo sikai kusubiri, nasimama.

Dawa nilipewa pregabalini. Maumivu yalipungua kiasi, lakini usingizi wake hapana. Nilimwambia daktari wazi kwamba mimi ni dereva, akaipunguza pole pole mpaka nikaiacha. Alinionya nisiikate ghafla.

Kijana wa Tabata

Hiyo ya waleti nimeitoa nikiwa nasoma hapa hapa 😂

Mama Lishe Buguruni

Poleni wanangu. Ninyi mnasema kukaa, mimi kazi yangu yote ni kuinama. Asubuhi kibao cha mbuzi, nakuna nazi nimekaa chini magoti yamefika kifuani. Halafu ndoo za maji, halafu sufuria la wali.

Nilikuwa naishi kwa diklofenaki. Duka la dawa wananijua, hata siulizwi. Kinauma asubuhi nameza, jioni nameza. Tumbo likaanza kuungua, choo kikawa cheusi, nikapelekwa hospitali usiku. Kumbe vidonda vilishatoa damu. Na presha yangu iliyokuwa imetulia ikawa imepanda. Daktari akasema dawa za jina hilo na ndugu zake zinakula tumbo, zinapandisha presha na kuumiza figo. Nikacheka mwenyewe: nilikuwa nasingizia figo, na dawa ndiyo ilikuwa inazifuata!

Kingine, msikubali kuchomwa sindano ya maumivu takoni na kila mtu mwenye bomba la sindano. Jirani yangu ilimgusa neva, mguu ukaanza kuburuza, unyayo haunyanyuki. Alikwenda kutibiwa kiuno.

Mimi nilichobadilisha ni jiko. Mbuzi nimeipandisha juu ya benchi, nakuna nimekaa sawa. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, siibebi tena. Nabeba mbili ndogo, mkono huu na huu, mwili unabaki sawa. Kudeki natumia fimbo ndefu. Majirani wanasema najidai. Waseme.

Kuchuliwa na mafuta ya nyonyo kunanipa usingizi wa siku ile, napenda, ila sikudanganyi kwamba kunaponya. Anayekuchua asipige pingili wala kukuvuta shingo. Hijama (kuumikwa) nimefanya pia. Nilijisikia mwepesi, kisha hali ikarudi kama zamani.

Mzee wa Ukonga

Mimi mgongo wangu mzima. Nina kisukari cha muda mrefu, neva za miguu ndizo zilizokwenda. Mchana nazubaa nazo, usiku nyayo zinawaka, hata shuka likigusa naona linakwaruza.

Nilipewa amitriptilini kidogo usiku. Kijana wa famasi akaniambia mbele za watu, "Mzee, hii ni ya wagonjwa wa akili." Nikairudisha mfukoni kwa aibu. Daktari akanielewesha kwamba ni dawa ya zamani ya sonona, lakini kwa dozi ndogo inatuliza neva, na ndiyo kazi yake kwangu. Sasa nalala. Mdomo unakauka, nakunywa maji. Wazee wenzangu wenye moyo au tezi dume wamwambie daktari kabla ya kuitumia.

Jambo jingine: metformini, dawa yetu ya kisukari, ikitumiwa miaka mingi inaweza kushusha vitamini B12, na upungufu wake nao unaleta ganzi. Mwombe daktari akupime. Lakini vile vidonge vya B vyenye rangi rangi visimezwe kama karanga. B6 ikizidi kwa muda mrefu inaharibu neva zile zile.

Miguu yangu naikagua kila jioni kwa kioo. Kabla ya kuvaa kiatu nakikung'uta, maana niliwahi kutembea na kijiwe hadi msikitini na kurudi bila kujua, soksi ikalowa damu. Maji ya moto ya kukanda hapana, mguu usiohisi unaungua nawe unaangalia.

Kijana wa Tabata

Shikamoo mzee. Swala je, unamudu?

Mzee wa Ukonga

Marahaba. Nasali nimekaa kitini. Dini imetupa ruhusa.

Dada wa Sinza

Naomba mnisikilize na mimi, hata kama yangu ni tofauti. Maumivu katikati ya mgongo, usiku zaidi. Nikawa nakonda, najikuta nimelowa jasho alfajiri. Kikohozi sina hata kidogo. Nimenunuliwa mkanda wa kiuno, nimepakwa kila mafuta, nimeombewa. Mwisho MRI ikaonyesha pingili mbili zimeliwa: TB ya uti wa mgongo.

Sikujua TB inakaa mgongoni. Dozi yangu ilikuwa ya mwaka mzima, na dawa za TB kwenye vituo vya serikali ni bure. Pamoja nazo nilipewa B6, kwa kuwa moja ya dawa hizo inaweza kusababisha ganzi. TB imepona. Mgongo umebaki na kibyongo kidogo na maumivu ya kudumu, kwa sababu tulichelewa.

Halafu kuna hili la watu. Nakaa kiti kwenye mwendokasi, mama mmoja akasema kwa sauti, "Binti mzima na afya yako umekaa, wazee wamesimama." Nilisimama kutoka Shekilango mpaka Magomeni. Siku hizi siinuki. Nasema, "Samahani mama, nina mgongo," naangalia dirishani.

Fizio wa Ilala

Nimesoma yote. Sijampima hata mmoja wenu, kwa hiyo sigawi dozi hapa, ila dada wa Sinza amegusa jambo zito. Maumivu ya mgongo pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda si ya kupaka mafuta. Vivyo hivyo mtu aliyewahi kuwa na saratani, au mzee aliyeanguka.

Na kuna moja la kukimbia nalo usiku huo huo: ganzi sehemu za siri na pale unapokalia, mkojo kugoma au kutoka wenyewe, haja kubwa kukuponyoka, miguu kulegea. Neva za mwisho wa uti zimebanwa, na zisipoachiwa mapema hazirudi. Msisubiri kliniki ya Jumatatu.

Kwa wenye diski: nyingi hunywea zenyewe ndani ya wiki au miezi, kwa hiyo msikimbilie kisu wala msikate tamaa. Alichoeleza dereva cha maumivu "kupanda" ni sahihi. Mkanda wa kiuno uwe wa kazi nzito au safari, usiwe wa kulalia. Na kuhusu pregabalini, utafiti wa Australia uliochapishwa 2017 uliwalinganisha wagonjwa wa sayatika waliopewa dawa hiyo na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Nafuu haikutofautiana, kizunguzungu ndicho kilichozidi. Kwa neva za kisukari inasaidia baadhi ya watu. Ndiyo maana mleta uzi kasema kila mtu ataje ugonjwa wake.

Mbabe wa Kigamboni

Dawa zote biashara. Kimbieni, ogeleeni, nyanyueni vyuma. Mimi mgongo uliuma, nikapiga mazoezi, umeisha.

Mama Lishe Buguruni

Mwanangu, wewe wako uliisha. Sisi tunazungumzia ambao haujaisha.

Fizio wa Ilala

Kuogelea ni kuzuri kweli, maji yanabeba uzito. Hata kutembea ndani ya maji ya kifuani ufukweni, bahari ikiwa shwari. Vyuma polepole na mtu wa kukuangalia.

Mstaafu Mtarajiwa

Mimi nilipasuliwa. Mguu ulikuwa umeanza kukosa nguvu, nikipanda ngazi unyayo unajikwaa, hapo daktari akasema tusisubiri. Naona watu wengi wanaamini ukiguswa uti umepooza. Mimi nilitembea kesho yake, na maumivu ya mguu yaliondoka. Ya kiuno yamebaki, nayo niliambiwa mapema kabisa: upasuaji huu ni wa kuiachia neva, kiuno usikiahidi. Afadhali daktari anayekwambia hivyo.

Walioajiriwa, jueni haki yenu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu. Lazima cheti cha daktari. Mwajiri wangu wa zamani alitaka nitumie likizo yangu ya mwaka. Nilipompelekea kifungu kwa maandishi alinyamaza.

Bibi Harusi wa Zamani

Mkanda wa jeshi hapa. Malengelenge yalikauka, maumivu chini ya titi yakabaki na yamegoma. Hata sidiria siwezi. Navaa dera na vesti laini ya pamba ndani, ndiyo nafuu yangu. Ukiona vipele vya upande mmoja vinavyoungua, wahi dawa ya virusi ndani ya siku tatu za mwanzo. Mimi nilipakwa majivu. Kwa sasa natumia hiyo hiyo ya mzee wa Ukonga, usiku.

Mtu wa Mbagala (mleta uzi)

Asanteni sana wakuu, naendelea kusoma. Nina swali ambalo naona aibu hata kumuuliza daktari. Nyumba ya kupanga, choo ni cha kuchuchumaa. Siku kiuno kikikaza siwezi kushuka, nikishuka siwezi kuinuka. Mnafanyaje?

Mstaafu Mtarajiwa

Aibu ya nini? Maduka ya vifaa tiba wanauza kiti cha chuma chenye tundu. Bei ikikushinda, chukua kiti cha plastiki imara chenye mikono, mpe fundi atoboe tundu katikati ya kalio, kiwe na miguu isiyoyumba. Funga na kipande cha bomba ukutani, upande wa mkono wenye nguvu, cha kujivutia.

Mama Lishe Buguruni

Na mwambie apige msasa kingo za tundu. Wa kwetu hakupiga.