Hesabu za kemia kidato cha tatu: moli au uwiano wa masi?

Mwanjelwa_F3: Wakuu, naomba ulinganisho. Mawe ya chokaa ya Songwe, g 250, usafi 80%, yamechomwa yakaisha. CaO (chokaa hai) ni gramu ngapi? Njia ipi ni salama kwenye mtihani?

Uyole_Kemia: Hapo uwiano unatosha. CaCO₃ → CaO + CO₂, yaani g 100 hutoa g 56 za CaO. Toa uchafu kwanza: 80% ya 250 ni 200. Kisha 200 × 56 ÷ 100 = g 112. Anayeanza na 250 anapata 140, na amekosa, kwa kuwa mchanga uliomo kwenye jiwe hauzai CaO.

Mafinga77: Mkuu, mimi nipo na moli. Wakiongeza "tafuta ujazo wa CO₂ kwa STP" (halijoto na kanieneo sanifu), tayari unazo moli 2 (g 200 ÷ g 100 za moli moja ya CaCO₃), unazidisha kwa 22.4, dm³ 44.8. Halafu kuna maswali yanayotaja viasi viwili, na hapo ndipo watoto wanapoangukia. Mfano: CaCO₃ g 10 na HCl ya 1 M (moli 1 kwa kila dm³), cm³ 100.

CaCO₃ + 2HCl → CaCl₂ + H₂O + CO₂

Kila kimoja ni moli 0.1 (cm³ 100 ni dm³ 0.1, msisahau kugawa kwa 1000). Zinaonekana sawa, lakini mlinganyo unadai HCl mbili. Gawa kila moli kwa namba iliyo mbele yake: 0.1 na 0.05. Iliyo ndogo ndiyo inayoisha kwanza, nayo ni asidi. CO₂ ni moli 0.05, dm³ 1.12, na g 5 za CaCO₃ zinabaki. Ukianza uwiano na zile g 10 utaandika 2.24.

Uyole_Kemia: Kweli. Kwa uwiano ingebidi upige hesabu kutoka pande zote mbili, uchukue jibu dogo. Hapo moli ni fupi.

Mwanjelwa_F3: Na kwenye maabara gesi inazidi 22.4 kwa moli. Tumekosea vipimo?

Kihesa_Maabara: Si lazima, dada. 22.4 ni ya nyuzi 0 na atm 1. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya bahari, kanieneo la hewa ni takriban kPa 83. Kwa nyuzi 20 moli moja huchukua karibu dm³ 29. Kusanyeni CO₂ kwa sirinji ya gesi, maana sehemu yake huyeyuka kwenye maji. Kwenye karatasi tumia namba uliyopewa.